Ruta ipi ununue ukitaka kuiwekea OpenWrt

Ukifika dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usianze na jina la kampuni. Ipindue ruta usome kibandiko cha chini. Modeli peke yake haitoshi. Kinachoamua ni toleo, ile v1, v3 au v5 iliyochapishwa pembeni ya modeli. Chini ya jina moja huuzwa ruta zenye chipu tofauti, na OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, hutengenezwa kwa kufuata chipu. Mfano ni TP-Link Archer C7: v2, v4 na v5 zinafanya kazi vizuri, lakini ukiichukua v1, Wi-Fi ya 5 GHz utaikosa kabisa. Kwa hiyo fungua tovuti ya OpenWrt kwenye simu yako palepale, tafuta modeli na toleo, ndipo utoe pesa.

Angalia pia kumbukumbu. Nunua yenye hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 128 kwenda juu. Matoleo mengi ya TL-WR841N, ruta iliyojaa majumbani kwetu, yana MB 4 na MB 32 tu. Hata ukipewa bure, kwa kazi hii iache.

Faida ya kuhangaika hivi ipo, na ni kubwa. Ruta nyingi za bei nafuu huachwa na watengenezaji wake baada ya miaka michache bila viraka vya usalama, ilhali OpenWrt huendelea kuzihudumia. Halafu kuna CAKE, kipanga foleni ya data ndani ya OpenWrt ambacho ukikiwekea kasi ya laini yako, mmoja anaweza kupandisha video huku mwingine akizungumza kwa simu ya mtandao bila sauti kukatika. Na mwan3, programu ya kuongeza kwenye OpenWrt, huunganisha laini mbili, faiba na modemu ya 4G, ili moja ikianguka nyingine ishike.

Nimezipanga zifuatazo kwa kuangalia jambo moja kuliko mengine: ikitokea kuflashi, yaani kuibadilishia ruta programu yake, kumeharibika, utaiokoaje?

1. GL.iNet GL-MT3000 (Beryl AX). Hii ndiyo ningempendekezea mtu anayeanza. Inatoka kiwandani ikiwa tayari na OpenWrt iliyofanyiwa marekebisho, na ukurasa wake wa kusasisha unapokea faili ya OpenWrt halisi. Ikigoma kuwaka, shikilia kitufe cha reset huku ukiiwasha, unganisha kompyuta kwa waya na uipe anwani ya IP 192.168.1.2, fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari na upakie faili upya. Hakuna haja ya fundi wala kufungua kasha. Ina RAM ya MB 512, hifadhi ya MB 256, na inatumia umeme wa volti 5 kwa USB-C, kwa hiyo pawabenki inayotoa ampea 3 inaiendesha umeme ukikatika. Upungufu wake ni matundu mawili tu ya waya.

2. OpenWrt One. Ruta ya kwanza kubuniwa na mradi wenyewe, ikatoka Novemba 2024 kwa dola 89 pamoja na kasha. Dola 10 za kila moja zinarudi kusaidia mradi. RAM ni GB 1, na ina swichi ndogo ya kuiwasha kutoka hifadhi ya pili ile ya kwanza ikiharibika. Kuiua kabisa ni kazi. Nimeiweka ya pili kwa sababu lazima uiagize nje, hivyo jumlisha usafiri na ushuru. Nayo ina matundu mawili.

3. Cudy WR3000 v1. Wi-Fi 6 kwa pesa kidogo, RAM ya MB 256. Kampuni yenyewe inatoa faili ya mpito: unaweka hiyo kwanza, kisha OpenWrt. Jihadhari, WR3000S, WR3000E na WR3000H ni mashine nyingine, kila moja na faili yake.

4. Archer C7 iliyotumika. Nzee, Wi-Fi 5, lakini kwa laini ya megabiti 20 au 50 inatosha.

Xiaomi AX3000T inavutia kwa bei, ila kuifungua ipokee OpenWrt kunategemea mianya ya programu ya kiwandani ambayo matoleo mapya huiziba. Si ya kujifunzia. Zenye chipu za Broadcom zipite, Wi-Fi zake hazina msaada wa maana kwenye OpenWrt. Na boksi la faiba au 4G ulilopewa na kampuni ya simu usiliguse: kwa kawaida limefungwa lisibadilishwe programu, na mara nyingi si mali yako. Liache lilivyo, chomeka ruta yako nyuma yake kwa waya.

Siku ya kuflashi tumia waya, si Wi-Fi, na uhakikishe umeme ni wa uhakika. Linganisha alama ya sha256 ya faili, msimbo unaoonyesha kama faili imefika nzima, na ile ya tovutini. Ukitoka programu ya kiwandani chagua faili ya factory, isipokuwa maelezo ya modeli yako yaseme vingine. Sysupgrade ni ya ruta iliyokwisha kuwa na OpenWrt. Ikiwaka usishtuke kutoona Wi-Fi, kwa kawaida huja imezimwa. Ingia 192.168.1.1 kama root, yaani msimamizi, weka nywila kwanza, kisha washa Wi-Fi ukiwa umeipa ulinzi wa WPA2 au WPA3.