Douglass na Tubman: watoro wawili wa Maryland

Frederick Douglass na Harriet Tubman walizaliwa utumwani mashariki mwa Maryland, jimbo la Marekani, katika kaunti jirani, wakipishana miaka michache tu. Zaidi ya hapo, kila mmoja na njia yake.

Douglass alipelekwa Baltimore akiwa mtoto. Bibi wa nyumba akaanza kumfundisha herufi, mumewe akapiga marufuku. Basi kijana akawa anatoka na mkate, anawagawia watoto wa Kizungu wenye njaa mtaani, nao wanamlipa kwa masomo. Mwaka 1838 alipanda treni amevaa kibaharia, mkononi ana hati za kuazima za baharia huru, zenye sifa za mtu asiyefanana naye. Kondakta akazitupia jicho tu. Hazikupita saa 24, yuko New York.

Tubman hakujua kusoma. Usichanani alipigwa kichwani na jiwe la mizani alilorushiwa mtu mwingine. Tangu hapo usingizi ulimnasa ghafla, hata katikati ya maneno. Alitoroka mwaka 1849. Kisha (mimi hapa ndipo ninapomvulia kofia) akarudi kulekule mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliongoza askari mto Combahee, South Carolina, wakakombolewa watumwa zaidi ya 700.

Nani zaidi? Douglass alijibu mwenyewe, katika barua kwa Tubman mwaka 1868: yeye kafanya kazi ya kupinga utumwa hadharani na kushangiliwa, Tubman kaifanya usiku, mashahidi wake nyota.