Windows 11 kwenye kompyuta ya michezo: kazi iko kabla ya kusakinisha

Windows 11 ilitolewa rasmi tarehe 5 Oktoba 2021, nami nikaendelea kuikwepa kwa miaka kadhaa kwa sababu moja tu: michezo yangu yote ilikuwa ikienda vizuri kwenye Windows 10, na mwenye kompyuta ya michezo hujifunza mapema kutogusa kitu kinachofanya kazi. Kilichonihamisha hatimaye ni kalenda. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ingawa watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha ili wapate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, sikuona faida ya kuahirisha kwa mwaka mmoja zaidi jambo ambalo lingenikuta vilevile.

Masharti ya mfumo huu mpya yanachekesha kidogo kwa mchezaji. Unadai RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, kiasi ambacho mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi hukimeza chote. Kikwazo halisi ni usalama: TPM 2.0 (kijenzi kinachotunza funguo za siri za kompyuta), UEFI (programu ya kisasa ya kuiwasha kompyuta) yenye uwezo wa Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha, ambayo kwa Intel huanzia kwa jumla kizazi cha 8 na kwa AMD familia ya Ryzen 2000. Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600, hivyo imo, lakini programu ya ukaguzi iliniambia kwamba kompyuta haifai kwa kukosa TPM. Jibu hilo huwapotosha wengi. TPM ilikuwemo ndani ya prosesa yenyewe tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ambako AMD huiita fTPM na Intel huiita PTT. Kwa wenye Ryzen nasisitiza kwamba BIOS isasishwe kwanza, kwa kuwa mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba fTPM ilisababisha baadhi ya mashine kukwamakwama kwa muda mfupi, na dawa yake ilikuja kupitia masasisho hayo ya BIOS.

Hapo ndipo nilipojikwaa, na kosa lilikuwa langu. Nilizima CSM, ile hali inayoiruhusu kompyuta kuwaka kwa njia ya zamani, bila kukumbuka kwamba diski yangu ilikuwa bado imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ambao Windows haiwaki kutoka kwake bila CSM. Kompyuta ilipowaka ilinirudisha moja kwa moja kwenye BIOS, na kwenye orodha ya diski za kuwashia hapakuwa na kitu. Nilirudisha CSM, nikaingia Windows 10 kama kawaida, nikanakili faili zangu muhimu kwenye diski ya nje, kisha nikatumia mbr2gpt, zana inayokuja na Windows yenyewe na inayoigeuza diski ya MBR kuwa ya mtindo mpya wa GPT: kwanza kwa amri ya kukagua, halafu kwa amri ya kubadilisha. Ubadilishaji haukumaliza hata dakika moja. Nilipozima CSM kwa mara ya pili, mfumo uliwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukifuata utaratibu huo tangu mwanzo, hutapata kiwewe nilichokipata mimi.

Usakinishaji wenyewe hauna la kusimulia. Michezo iliyokuwa kwenye diski ya pili haikuguswa, na nilichohitaji baadaye ni kusakinisha upya draiva ya kadi ya michoro.

Anayehama kwa matumaini ya kupata fremu (picha kwa sekunde) nyingi zaidi ajue kwamba hatazipata. Kwenye mchezo wangu wa mbio za magari nilianza hata kuona mikwamo midogo katika kona zenye magari mengi, nikaenda kwenye mipangilio ya usalama na kukuta kinga ya uadilifu wa kumbukumbu (Memory Integrity), inayozuia programu hasidi kuingia kwenye kiini cha mfumo, imewashwa. Microsoft yenyewe imeeleza kwamba kinga hiyo inaweza kupunguza kasi ya michezo na kwamba mchezaji anaweza kuizima wakati wa kucheza, kisha kuiwasha tena. Niliizima, kona zikalainika. Nimejizoesha kuirudisha kila nimalizapo, ingawa nakiri kuna usiku ninaosahau. DirectStorage nayo, teknolojia ya kupakia michezo haraka kutoka kwenye diski inayotangazwa sana, isikuhamishe, kwa sababu hufanya kazi hata kwenye Windows 10.

Kilichonifurahisha kwa dhati ni Auto HDR. Michezo ya DirectX 11 na 12 ambayo haikutengenezwa kwa HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza) hupanuliwa mwanga na rangi papo hapo, mradi skrini iwe na uwezo huo. Katika mchezo wangu mmoja wa zamani kuna pango ambalo nimelipita mara nyingi mno. Safari hii mwenge uliokuwa doa la njano ulitoa mwanga uliofika hadi kwenye maji ya sakafuni, na giza la nyuma yake likawa giza kweli badala ya kijivu.

Mfumo hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka, ukihifadhi toleo la zamani kwenye folda ya Windows.old. Siku hizo zilipita bila mimi kukigusa kitufe cha kurudi, na folda ikafutika yenyewe.