Spika kwenye skuta ya umeme: uzoefu wangu, soma kabla hujamruhusu fundi aguse betri

Habari zenu jamani. Mi nina skuta ya umeme huu mwaka wa pili, ile ya volti 60 yenye betri tano za asidi chini ya miguu. Nakaa Kibada huku Kigamboni na kazi yangu iko Posta, kwahiyo asubuhi nashuka Feri navuka na pantoni, jioni nikikuta foleni imezidi nazungukia darajani kwa upande wa Kurasini. Naipenda kwelikweli, sinunui mafuta, haitoi moshi, haipigi kelele. Sasa huo ukimya ndo ulionitia hamu ya mziki, mana kurudi Kibada usiku peke yako unasikia tairi na upepo basi, njia inakuwa ndefu. Alafu bodaboda wanakupita na spika zinapiga mpaka unasikia besi kifuani, nkasema na mimi nafunga.

Nkaenda Kariakoo nkanunua spika mbili za kufunga kwenye usukani, zile za duara zenye amplifaya ndogo na rimoti na taa za rangi, boksi limeandikwa wati 600. Elfu 95. Siku hiyo sikujua ila leo naweza kukwambia kwanini ile namba haiwezekani: mfumo wenyewe ni wa volti 12, wati 600 kwa volti 12 ni ampia 50, na waya uliokuja nao ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu na fyuzi yake ya ampia 5. Yani fyuzi peke yake inakwambia hiyo kitu haivuki wati 60. Angalieni fyuzi jamani, boksi wanaandika wanachotaka.

Fundi wa mtaani kwetu akaja kufunga. Nkamuuliza, skuta ni volti 60 na hii amplifaya ni 12, inakuwaje? Akanambia "dada usiwe na wasi, si zimekaa betri tano za 12 humu ndani, tunachukua kwenye hii moja ya mwisho, konveta ya kushusha volti ya nini upoteze hela." Nkaona ana akili huyu. Elfu 15 ya ufundi, nusu saa kamaliza, mziki ukalia mpaka watoto wa jirani wakatoka nje kucheza. Siku ile nilifurahi sana sitaki kusema uongo.

Kero ya kwanza ilianza kesho yake. Nikikamata moto tu niondoke spika zinapiga mluzi, wiiiii, nikiongeza mluzi unapanda nikiachia unashuka. Nkadhani ni simu, nkabadilisha simu, bado. Kumbe kontrola ya mota, kile kisanduku kinachogawa umeme wa mota, inakata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde na ile amplifaya kwa vile imeshika betri ileile na waya zake zimepita palepale inaupokea huo mvurugo inautoa kama sauti. Kwa sauti kubwa hausikiki sana kwahiyo nikawa naendesha sauti ikiwa juu muda wote, na hilo ndo likaniletea jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Kuna kona nikitoka kwangu, jioni moja naingia nakuta turubai limefungwa, viti, kina mama wamekaa kwenye mikeka chini, msiba wa jirani ambao sikuwa na habari nao. Pikipiki ya mafuta ingekuwa watu wameshaisikia injini toka mbali na mziki wenyewe umemezwa na injini, lakini skuta ya umeme haina cha kuficha mziki, kilichoingia pale msibani ni singeli tupu. Simu ipo kwenye begi mgongoni, rimoti ipo kwenye kasha chini ya siti, swichi fundi kaiweka huko huko kwa betri. Nimesimama nafungua siti natafuta swichi wale kina mama wananiangalia. Hakuna aliyenisema. Nilirudi kwa miguu baada ya kubadili nguo nkakaa nao mpaka usiku, nkaomba radhi kwa mama mwenye msiba, akanishika mkono akanambia "hukujua mwanangu." Toka siku hiyo mtu akiniuliza spika gani inafaa kwenye skuta mi cha kwanza simjibu wati, namuuliza kidole gumba chako kinafika kwenye kitufe cha kuzima bila kuachia usukani? Kama hakifiki usifunge.

Baada ya kama miezi miwili ndo ikaja kero ya hela. Skuta yangu ikijaa ilikuwa inanipa kilomita 40 bila wasiwasi, ikaanza 32, ikaja 25, siku moja imezima njiani kabla sijafika Kisiwani na taa ya chaji asubuhi ilionyesha imejaa. Nkaipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza vyombo vya umeme tu, kafungua kifuniko kaweka mita kwenye betri moja moja, nne zinasoma 12.8 na ya tano, ile iliyobeba mziki, 11.6 na imetoka kwenye chaja. Akacheka kidogo akanambia "dada hii kazi naipokea kila wiki."

Alichonielewesha ni hivi na naomba mkielewe na nyie. Betri zimeungwa kwa kufuatana, umeme unaopita kwenye moja ndo unaopita kwenye zote. Chaja haijui kuna betri ngapi, inaangalia jumla tu, jumla ikifika inakotaka inakata. Sasa ile moja kila siku inatoa umeme wa ziada kwa ajili ya mziki ambao wenzake hawautoi, kwahiyo ikifika jioni iko chini zaidi, chaja inawasha, nne zinawahi kujaa, jumla inafika, chaja inakata na hii ya tano haijashiba. Kesho inaanza na njaa, keshokutwa njaa zaidi, na zile nne nazo zinazidishiwa chaji kila usiku. Alafu kwenye mwendo ile dhaifu ikishuka inaivuta jumla yote chini, kontrola ikiona jumla imefika volti 52 hivi inakata mota kuzilinda, ndo mana nilikuwa nazimikiwa na betri nne zikiwa bado na umeme wa kutosha. Nkamuomba abadilishe moja, akasema ukichanganya mpya na zilizochoka ile mpya nayo inavutwa kwenye uchovu wa wenzake, ukiweza badilisha zote. Zote tano zilinigharimu karibu laki tano. Kwa ajili ya mziki! Na kumbe konveta ya kushusha 60 kwenda 12, ile inayochukua umeme kwa betri zote sawasawa, ilikuwa elfu 35.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mziki wenyewe hauli umeme kama watu wanavyodhani. Piga hesabu, volti 60 kwa ampia-saa 20 ni wati-saa 1200, kwa kilomita 40 ina maana kila kilomita inakula wati-saa 30. Spika za aina hii kwa sauti ya kawaida wati 10 hivi. Ukisikiliza saa nzima umetumia wati-saa 10, theluthi ya kilomita. Mita mia tatu na kitu! Kwahiyo anayekwambia mziki unamaliza chaji ya skuta muelimishe taratibu, unaouwa ni uungaji mbaya.

Basi nkang'oa kila kitu nkakaa mwezi mzima bila mziki. Baadae nkajikusanya nkanunua spika ya kubeba ya bluetooth, JBL Charge 5, nilipata kwa laki nne na ishirini kwenye duka ninaloliamini, na nilifikiria sana kabla ya kutoa hiyo hela. Ina betri yake ndani, ujazo wa mAh 7500, wao wanasema saa 20, mi kwa sauti ninayopiga nachaji mara moja kwa wiki na safari zangu ni kama saa nane kwa wiki ukijumlisha kwenda na kurudi. Haigusi betri ya skuta hata kidogo, hamna waya, kwahiyo hamna mluzi. Wati zake ni 40, thelathini za spika kubwa na kumi za ile ndogo ya sauti nyembamba, na inapiga vizuri kuliko yale "mia sita" ya Kariakoo. Nyuma ina tundu la USB unaweza kuchajia simu, imeshaniokoa kwenye foleni ya pantoni.

Uwekaji ulinisumbua kuliko kununua. Mwanzo niliifunga mbele kwenye usukani inaangalia barabara kama wanavyofunga wengi, nikawa sisikii vizuri napandisha sauti, anayefaidi ni anayekuja mbele yangu. Nkaigeuza, sasa imelala kwenye kikapu cha mbele inaniangalia mimi, nusu mita hivi toka kifuani. Nimeviringisha mpira wa tyubu ya baiskeli mara mbili chini yake, nikafunga na mikanda miwili ya kubana, sio zile kamba za plastiki, hizo jua likizipiga mwezi mmoja zinakatika na matuta ya huku mnayajua. Uzito wake haufiki kilo lakini kwenye tuta unausikia kwenye usukani, kwahiyo ikae katikati isiegemee upande.

Kuhusu umbali naomba nieleze kidogo mana ndo siri yenyewe. Sauti kila umbali ukiongezeka mara mbili inapungua desibeli 6, desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti. Toka nusu mita kwenda mita moja, mbili, nne, nane, umezidisha kwa mbili mara nne, imepungua 24. Kwahiyo mimi nikisikia 82 kwa mujibu wa programu ya kupima kwenye simu, mtu aliyekaa barazani mita nane anapata kama 58, ni kama mtu anaongea. Mziki nausikia mimi, yeye namwachia jioni yake. Na kuongeza wati sio suluhisho, wati ukizifanya mara mbili unapata desibeli 3 tu, ili sikio lione imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Isogeze karibu, ndo wati za bure hizo.

Adui wa mziki kwenye skuta ni upepo. Mpaka kama kilomita 30 kwa saa kila kitu kinasikika safi, ukifika 40 upepo kwenye helmeti unameza besi yote, unabaki na sauti ya mwimbaji. Niliwahi kushindana nao kwa kupandisha, nkajikuta kwenye desibeli 90 na kichwa kinauma nikifika kazini. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 mpaka saa 40 kwa wiki ni salama, ukifika 90 ni saa 4 tu, na mi nimesema safari zangu ni saa nane. Siku hizi kwenye mwendo mkubwa nauacha upepo ushinde.

Na Kurasini nazima kabisa. Pale malori ya bandarini yanakuja nyuma yako na kontena, skuta haina kioo cha kuonyesha kila kitu, masikio ndo kioo cha pili. Kuna lori lilinipigia honi mara tatu kipindi kile cha spika za usukani, nilisikia ya tatu. Pantoni pia nazima, sio kwa sababu ya sheria ingawa kanuni za kelele zipo toka 2015, nazima kwa sababu kuna mzee aliwahi kunambia kwa upole "binti yangu punguza, naongea na hospitali."

Mvua ya masika imeinyeshea hii JBL sana na iko sawa, ni IP67, yani vumbi haliingii na ndani ya maji ya mita moja inavumilia nusu saa. Hakikisha tu mlango wa tundu la chaji umefungwa, na usiichaji ikiwa mbichi. Kwa tunaovuka bahari kila siku chumvi inaganda kwenye wavu wake, Jumamosi naiosha na maji baridi ya bomba naiacha ivulini ikauke. Ivulini nasisitiza, na ukipaki juani ondoka nayo usiiache kikapuni wala chini ya siti, betri za lithiamu na joto haviivi chungu kimoja, na mwizi naye hachelewi.

Wenye skuta za betri ya lithiamu msidhani yangu haiwahusu, kuchukua umeme katikati ya betri ni kosa lilelile na hatari zaidi. Kama lazima uchukue umeme wa skuta, konveta, fyuzi karibu kabisa na betri, waya mnene.

Zile spika za Kariakoo sikuzitupa. Kati ya betri tano za zamani moja ilikuwa bado nzima, nkaipeleka pamoja na amplifaya kwa mama yangu mdogo gengeni kwake na chaja ndogo ya volti 12, betri moja na amplifaya moja, bila mota. Anasikiliza redio toka saa kumi na mbili asubuhi na haijawahi kupiga mluzi.