Nimeingia Boma la Mjerumani na babu yangu, uzoefu wangu

Mimi nimezaliwa Arusha nimesomea Arusha na lile jengo jeupe pale mwisho wa Barabara ya Boma nimelipita tangu mtoto nikijua ni ofisi ya serikali tu. Kumbe ndo Boma la Mjerumani lenyewe, siku hizi Makumbusho ya Elimu Viumbe. Shule niliyosoma walitupeleka mbugani mara mbili kwa basi, hapa ambapo unatembea dakika chache tu kutoka Mnara wa Saa hawajawahi kutuleta, na hilo bado linaniuma.

Jumamosi nilikuwa na babu mzaa mama, mzee wa Akeri kule Umeruni, alishuka mjini kucheki macho tukamaliza mapema. Nikamwambia babu twende Boma. Akasimama kabisa barabarani, "Boma? Tumekosa nini?"

Kwa wazee wa kwetu kwenda Boma maana yake umeitwa, ni kodi, au kesi, au mtu wako yuko ndani. Ilibidi nimbembeleze mpaka getini. Mhudumu akampa shikamoo nzuri, akamshika mkono kwenye ngazi, ndo babu akalegea.

Sasa mimi nawashauri kitu kimoja, msikimbilie vioo vya ndani. Simameni kwanza uani muangalie jengo lenyewe, ukuta mnene hivyo haukujengwa kwa ajili ya makarani kukaa na mafaili. Hili lilikuwa ngome ya jeshi la Mjerumani, limejengwa 1900. Miaka minne kabla yake, 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa kule kule Akeri kwa kina babu, afu Kapteni Johannes, ofisa wa Kijerumani, akaja na askari wake kutoka Moshi kulipiza, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, na walipoamua kujenga Boma waliofanyishwa kazi kwa nguvu ni Waarusha na Wameru wenyewe. Mwaka huo huo 1900 ndo Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alinyongwa na Wajerumani kule Old Moshi. Waingereza nao walivyokuja wakaendelea kutawala kutokea humo humo. Imekuwa makumbusho 1987 yani zaidi ya miaka themanini hii ilikuwa nyumba ya kuogopwa.

Ndani kuna habari za chimbuko la binadamu, kuna wanyama na wadudu (ukija na watoto anzia kwa wadudu hawatakusumbua tena), na kuna picha za zamani za Arusha wakati wa Mjerumani. Nilichokipenda mimi ni nyayo za Laetoli. Zile zenyewe ziko huko huko Laetoli upande wa Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilizikuta 1978, zina miaka kama milioni 3.6, watu wanatembea kwenye majivu ya volkano kama sisi tunavyotembea kwenye vumbi la stendi. Kisigino kinaonekana, dole gumba linaonekana. Babu akaangalia weee afu akasema huyu alikuwa hana haraka.

Ila kwenye picha za zamani ndo tulikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia mji jinsi ulivyokuwa mtupu, yeye alikuwa anaangalia watu, anasogeza uso karibu na kioo na hayo macho yake yametoka kuwekwa dawa, anatafuta sura. Nikamuuliza unamtafuta nani, akaniambia babu yake yeye alikuwa na kovu begani hapa, na wao wakiwa watoto wakimuuliza alikuwa anajibu neno moja tu, mawe. Miaka yote nimekaa na huyu mzee jikoni kwake sijawahi kusikia hiyo habari. Sikuwa na la kusema, nilimshika mkono tu.

Mambo ya kawaida: beba kitambulisho, Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Njoo asubuhi. Masaa mawili yanatosha ila kama una mzee ongeza, na usimharakishe. Omba mhudumu awatembeze, wa kwetu alikuwa anaeleza Kiswahili kizuri na kila alichoulizwa alijibu bila kuchoka. Mimi nitarudi, na mtu akiniuliza Arusha aende wapi kabla ya mbuga namleta hapa.

Tulipotoka babu akapita pembeni ya ukuta akaweka kiganja, akakiacha hapo muda kidogo kama anapima joto la mtoto. Mhudumu akamwambia mzee karibu tena uje utuhadithie. Babu akasema atakuja, ila kwanza mjukuu wake ampeleke Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, ule ukumbi TANU walikaa Januari 1967, maana hiyo hakuhadithiwa, alikuwa kijana mzima. Tumepanga mwisho wa mwezi.