Emacs na mafaili yanayobadilika ukiwa umeyafungua

Madokezo yangu yote naandika kwa Org, mfumo wa madokezo na orodha za kazi ulio ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi, na mafaili hayohayo nayafungua kwenye simu. Programu ya kusawazisha ndiyo inayoyapeleka huku na huku. Miezi mingi sikugusa mipangilio. Asubuhi moja nikasevu orodha ya kazi iliyokuwa wazi kwenye laptop tangu jana yake. Emacs ikauliza: faili limebadilika kwenye diski, nisevu hivyohivyo? Kwa haraka zangu nikajibu ndiyo. Mistari kumi na kitu niliyoandika usiku kwenye simu ikaenda na maji. Niliulizwa, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Siku hiyohiyo nikaongeza mstari huu kwenye init.el, faili la mipangilio ya Emacs:

(global-auto-revert-mode 1)

Sasa faili likibadilishwa kwingine, bafa, yaani faili kama lilivyofunguliwa ndani ya Emacs, inajisoma upya yenyewe. Hukagua kila sekunde 5, na mfumo wa kompyuta ukiweza kuitaarifu haingoji hata hizo. Kila inapofanya hivyo inakutangazia chini ya kioo, kelele ambayo niliizima kwa kuweka auto-revert-verbose kuwa nil.

Nilichochelewa kung'amua ni kwamba haigusi bafa yenye maandishi ambayo hujayasevu. Ni haki yake, nani anataka kufutiwa sentensi akiwa katikati? Shida ni org-refile, amri ya Org ya kuhamisha vichwa. Ukihamisha kichwa kutoka faili moja kwenda jingine, lile lililopokea linabaki halijasevuliwa, na wala hulioni kwa sababu liko nyuma. Nilipobonyeza C-x C-b kutazama orodha ya bafa, nilikuta nyota sita, alama ya bafa ambayo haijasevuliwa. Mafaili sita yalikuwa yanasubiri kugongana na simu, na mimi nikijiona niko salama!

Kilichonitoa hapo ni mstari wa pili, (auto-save-visited-mode 1), uliopo tangu toleo la 26.1. Ukitulia sekunde 5 bila kuchapa, Emacs inasevu faili lenyewe, si ile nakala ya pembeni yenye alama za reli (#) kwenye jina. Bafa zikiwa safi, mstari wa kwanza nao unapata kazi ya kufanya. Ningeiweka mistari hii pamoja tangu mwanzo.

Mafaili ya kwenye seva hayajisomi upya mpaka uwashe auto-revert-remote-files. Nimeiacha imezimwa, huko nafungua faili mara mojamoja, na M-x revert-buffer, amri ya kulisoma faili upya, inanitosha.