TAHADHARI: winga (dalali wa mlangoni mwa maduka) wa bodi za jipsam, Kariakoo upande wa Gerezani

Siku nne nimekaa na hili jambo naona aibu kulisema. Leo nasema. Nimepigwa. Laki nane na themanini, hela ya mchezo, tena mchana kweupe, nimesimama mwenyewe nachekelea na soda mkononi.

Mimi fundi wa kushona, nilitaka ukuta wa kutenga upande wa wateja kwenye fremu ninayopanga, na mwenye fremu mnamjua. Matofali hataki kusikia, na pazia ndiyo basi tena. Ikabaki jipsam, zile bodi za kupigia dari na kuta nyepesi.

Jumanne saa nne asubuhi niko Gerezani. Kijana kasimama mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi, shati limepigwa pasi, kalamu sikioni, tepu ya kupimia imening'inia kiunoni. "Shikamoo mama." Marahaba. "Mama una kazi gani, nikupigie hesabu bure?" Hiyo bure ndiyo iliyonimaliza.

Nikamtajia: urefu futi 16, kwenda juu futi 8, mlango mmoja. Akafungua daftari, akawa anaandika na kunisomea polepole kama mwalimu wa darasa la tatu. Kumi na sita mara nane, 128. "Ukuta si una pande mbili, mama?" Ndiyo. 256. Akapiga mstari chini. Akageuza ukurasa. Kule kwenye ukurasa mpya akaanza na 256, akasema, "Sasa hii tuzidishe kwa zile pande mbili," na mimi, mtu mzima, nikatikisa kichwa ndiyo kwa mara ya pili! 512. Bodi ni futi nne kwa nane, yaani 32, gawanya: 16. "Tuweke na nne za kuvunjika." Bodi 20.

Kule kugeuza ukurasa nakuona mpaka ndotoni.

Vyuma vya kusimama, vile mafundi wanaita stadi, kaniandikia 12 vya upande huu na 12 vya upande ule. Chuma kimoja kinashika bodi mbele na nyuma, jamani! Hakuna cha upande huu na upande ule. Chaneli za juu na chini 10, skrubu boksi tatu, pauda ya jipsam mifuko sita, mkanda wa kuzibia maungio roli tano, usafiri elfu 40. Jumla 899,000. Akaikata ikawa 880,000, "kumi na tisa ni zawadi yako mama."

Najua mnavyonisema. Mimi ninayekata vitambaa mwaka wa 19 huu! Mteja akiniletea mita tatu najua gauni linatokaje na kinabaki nini, na wapo mafundi wenzangu wanaotaja mita nne ili ya nne wamshonee mtoto wao, msijifanye hamuwajui. Ningeupima ule ukuta kama kitambaa ningeona palepale: bodi ina upana wa futi nne, ukuta futi 16, zinaingia nne. Nne mbele, nne nyuma. Nane, na ya tahadhari tisa. Lakini kijana alinitolea shikamoo nzuri, akaniagizia soda, na alinikataza misumari: "Misumari inaachia mama, bodi inaanza kutikisika, chukua skrubu." Na hilo ni kweli, hata fundi wangu kalisema. Mtu anayekuambia kweli moja unamwachia mlango wazi.

Jumatano kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ikashusha. Fundi akazunguka ule mzigo, akauliza, "Mama, tunajenga kuta ngapi?" Nilidhani utani. Akaweka tepu kwenye ukingo wa bodi: milimita 9. Kwenye karatasi yangu imeandikwa 12, na nimelipa elfu 24 kila moja kwa bei ya 12. "Hizi za dari hizi. Mtu akiegemea inacheza." Stadi alizohitaji ni 11, kila baada ya futi mbili na mbili za mlango. Chaneli nne. Boksi moja la skrubu. Pauda mifuko miwili.

Alhamisi nikarudi. Mwenye duka, mzee wa watu, akaniangalia kwa huruma: "Huyo winga tu, leo anasimama kwangu kesho kwa jirani. Mzigo huo haukutoka humu." Simu ya kijana haipatikani. Na muuza soda wa nje akanidai mia saba, kumbe ile soda ilikuwa haijalipwa!

Huyo kijana akikamatwa nisiitwe polisi kuhurumia. Abebeshwe zile bodi kichwani, moja moja, kwa miguu Gerezani mpaka Mbagala, na kila kituo azidishe kwa pande mbili. Halafu ndiyo awekwe ndani. Watu wa kodi, TRA, nao wapite pale, maana risiti ya mashine sikupewa, "mtandao uko chini mama, nitakurushia WhatsApp," nikapewa karatasi ya daftari. Na hela nilituma kwenye namba yenye jina la mwanamke, akasema mke wa bosi. Mke wa bosi! Nikabonyeza namba ya siri. Bodi zenyewe sikuziona mpaka zinashuka kwangu. Kijana mwenyewe ni mweupe, mrefu, ana pengo la juu, anapenda kusema "mamaangu." Mawinga wote si wezi, yupo mmoja ananitafutia zipu miaka na miaka, ila huyu afungwe tu.

Ukuta umesimama. Fundi kapiga bodi tabaka mbili upande wa wateja ili usicheze, nikaingia tena dukani kununua skrubu ndefu. Zimebaki bodi 8 za milimita 9, stadi 13, chaneli 6 na pauda mifuko minne ambayo ikipata unyevu itakuwa jiwe. Mwenye dari ya kupiga aje fremuni na usafiri wake. Hesabu aje nayo mwenyewe.