Uzoefu wangu: seva ya muziki iliyounganishwa na DAC kwa waya mmoja, Njiro, Arusha

Muziki wa sebuleni kwangu sasa unatoka kwenye seva ya muziki, yaani kompyuta inayohifadhi nyimbo na kuzicheza, unapita kwenye waya mmoja wa USB na kuingia moja kwa moja kwenye DAC, yaani kile kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi kabla haijafika kwenye amplifaya. Katikati hakuna ruta wala strima, yaani kifaa kinachopokea muziki kwa mtandao na kuupeleka kwenye DAC. Niseme mapema kwamba faida kubwa niliyoipata si utamu wa sauti, bali ni kwamba muziki umeacha kukatikakatika na idadi ya vifaa vinavyoweza kuleta matatizo imepungua. Atakayekwambia kwamba mpangilio huu pekee unaongeza besi, mwulize kwanza kama hauzi waya.

DAC yangu ni RME ADI-2 DAC FS ya Ujerumani, yenye milango ya USB, koaksia (waya wa shaba wa sauti ya kidijitali) na waya wa mwanga (unaopitisha data kwa mwanga badala ya umeme). Seva ni ya gharama kubwa, kutoka kampuni moja ya Ulaya: kompyuta isiyo na feni inayoendeshwa na Linux, yenye hifadhi ya SSD na mlango wa kuingizia CD, ambazo inazinakili yenyewe kuwa faili za FLAC. Kwa mtu mwenye makasha ya CD za kwaya, taarabu na muziki wa dansi, hilo peke yake ni jambo kubwa, kwa sababu FLAC hubana faili bila kupoteza hata biti moja ya kilichomo kwenye CD.

Hapo awali seva ilikaa chumba cha kazi karibu na ruta, na strima ndogo ilikaa sebuleni ikipokea muziki kwa Wi-Fi na kuupeleka kwenye DAC kwa waya wa mwanga. Nyimbo za kiwango cha CD zilipita vizuri kiasi, maana stereo ya biti 16 kwa 44.1 kHz (sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde) inahitaji megabiti 1.4 tu kwa sekunde. Faili za biti 24 kwa 192 kHz, ambazo kabla ya kubanwa hufikia megabiti 9.2 kwa sekunde, ndizo zilizonisumbua, hasa jioni watoto wanapotazama video na kuta za tofali za saruji zimeshadhoofisha mawimbi. Isitoshe, strima ile ilikuwa inazishusha faili hizo hadi 96 kHz kabla ya kuzitoa kwa waya wa mwanga, kama zinavyofanya strima nyingi, hivyo nilichokuwa nimelipia hakikufika. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ilichelewa kuwaka, strima ikawahi, na kisha ikadai kwamba haioni seva. Rafiki yangu mmoja anayeishi Sakina, hapa Arusha, fundi wa vyombo vya sauti, aliutazama msururu huo akauliza, "Kaka, DAC yako ina USB na seva ina USB, huyu wa katikati unamlipa mshahara wa nini?"

Seva ikahamia sebuleni. Waya nilioutumia ni wa kawaida, wa aina ileile ya printa, wenye urefu wa mita 2. USB 2.0 ina njia ya megabiti 480 kwa sekunde, kwa hiyo hata faili nzito za stereo hazijazi kona ya njia hiyo, na sikuona sababu ya kununua waya wa bei ya pikipiki.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi vizuri ni suala la saa, yaani sehemu ya kifaa inayopanga mwendo wa data. Kwenye koaksia na waya wa mwanga, mtumaji ndiye anayeongoza mwendo, na DAC inalazimika kuufuata mwendo huo kwa kuusoma ndani ya mawimbi yenyewe. Kwenye USB ya kisasa ya sauti, mpokeaji ndiye mwenye saa: DAC inaieleza seva iongeze au ipunguze data kulingana na mahitaji yake, kama mpishi anayeagiza kuni kadiri jiko linavyowaka badala ya kungoja ratiba ya mwenye punda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba seva ya bei kubwa inaleta "saa bora" kupitia USB. Saa inayohusika imo ndani ya DAC, na pesa ya kuitafuta iwekwe huko.

Kuhakikisha kwamba data inafika bila kuguswa ni rahisi kwa DAC hii, na ndicho kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. RME wanatoa faili za majaribio za WAV ambazo DAC inazitambua. Nilizinakili kwenye seva kama nyimbo nyingine, nikazicheza, na kwenye kioo kidogo cha DAC ukajitokeza ujumbe kwamba jaribio limepita, pamoja na idadi ya biti. Nikishusha sauti ya seva hatua moja tu, ujumbe haupo. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya seva sauti iwekwe isibadilike, ubadilishaji wa kiwango cha sampuli uzimwe, na sauti irekebishwe kwenye DAC. Tahadhari moja kwa wanaopeleka DAC moja kwa moja kwenye amplifaya isiyo na kitasa cha sauti: shusheni sauti ya DAC kabla ya wimbo wa kwanza, la sivyo spika zitapokea nguvu yote kwa mkupuo.

Hasara ya USB ni kwamba ina shaba, na shaba hupitisha takataka za umeme ambazo waya wa mwanga hauwezi kuzipitisha. Siku za mwanzo nilisikia muungurumo mwembamba nikiweka sikio karibu na spika, kwa sababu seva na amplifaya zilichomekwa kwenye soketi mbili tofauti na zote zina waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Nilizihamishia kwenye ekstensheni moja na kuunganisha DAC na amplifaya kwa waya za XLR, ambazo huzuia kelele za umeme zisiingie kwenye sauti, na muungurumo ukaisha. Kuna wanaoshauri kukata mguu wa ethi kwenye plagi. Tafadhali msifanye hivyo, kwa maana mguu huo upo kwa ajili ya uhai wenu na si kwa ajili ya muziki.

Kuhusu umeme wenyewe, seva ni kompyuta na haipendi kuzimwa ghafla, kwa hiyo iko kwenye UPS, yaani betri ya akiba umeme unapokatika, inayoipa nafasi ya kujizima kwa utaratibu. DAC inatumia volti 12 za DC kutoka kwenye adapta yake, na mwenye betri ya sola ya volti 12 anaweza kuiendesha kwa betri hiyo. Amplifaya nimeiacha kwenye stabilaiza ya kawaida, kwa kuwa UPS ndogo haiwezi kuibeba.

Sasa sauti. Nilipolinganisha faili za kiwango cha CD kupitia njia ya zamani na njia mpya, sauti ya DAC ikiwa palepale, sikuweza kutofautisha kwa uhakika. Kwenye rekodi za dansi za miaka ya 1970 zilizotoka kwenye tepu, mvumo wa tepu unafunika chochote ambacho waya ungeweza kuongeza au kupunguza. Kwenye faili za 192 kHz, kinachosikika zaidi ni kwamba wimbo unakwenda mpaka mwisho bila kukwama, na kwangu hilo lina thamani kuliko maneno mengi kuhusu "hewa" na "upana wa jukwaa".

Lawama yangu kwa seva ni programu yake ya simu, ambayo ni nzito na huwaweka wasanii wa taarabu kwenye kundi la "muziki wa dunia" bila kuuliza, ikabidi nirekebishe maelezo ya albamu moja baada ya nyingine. Vilevile bado inahitaji ruta ili simu iweze kuiamuru, ingawa ruta ikizimika katikati ya albamu, nyimbo zilizomo kwenye hifadhi yake zinaendelea kupiga. Mwenye kompyuta ndogo ya zamani na DAC kama hii anaweza kupata biti zilezile kwa pesa kidogo sana. Anachokosa ni ukimya wa kifaa kisicho na feni na urahisi wa kutumbukiza CD ikajinakili, na mimi mambo hayo mawili niko tayari kuyalipia.